Kaa Avaaye Majani, na Daftari Letu



Wengi wenu mmetuuliza vijana wetu walikwenda kufanya nini Bagamoyo Jumamosi ile ya bamvua, na kwa nini walirudi wakibishana juu ya kaa badala ya kuimba pambio, kama ilivyo desturi ya basi la Kanisa. Tumeona vema tueleze, maana ubishi ule haukuishia ndani ya basi. Umefika mpaka katika Halmashauri ya mtaa, na huko umetugusa sisi wazee kuliko ulivyowagusa vijana wenyewe.

Basi lilianzia Kisarawe alfajiri, likateremka Pugu, likapita Maili Moja kuwachukua vijana wa Kibaha. Sisi wa wilaya hizi mbili twahesabiwa kuwa watu wa Mkoa wa Pwani, lakini wengi wetu bahari twaiona kwa nadra. Kisarawe ya zamani ilifika baharini, mpaka Mkuranga ilipofanywa wilaya peke yake. Wapo waliolala watu wa Kisarawe wakaamka watu wa Mkuranga, na mihogo yao shambani ilikuwa ile ile.

Alikuwa pamoja nao mshiriki mwenzetu mmoja, mwalimu wa baiolojia, amebeba beseni, kioo cha kukuzia na mswaki uliochakaa. Maji yalipokupwa kule upande wa Kaole aliwaagiza wamletee kila kaa watakayemwona, bila kumwumiza, na kabla maji hayajajaa wote warudishwe walikotoka. Wakaleta kaa wa mchangani wenye gando moja kubwa na jingine dogo, wakaleta na kaa matope kutoka kwenye mikoko, aliyefungwa kamba kwa uangalifu mwingi sana. Kijana mmoja akaja na kishungi cha mwani mkononi. Wenzake wakamcheka, wakamwambia, “Tumeambiwa kaa, wewe waleta mboga.” Akaitia ile mboga katika beseni. Mboga ikatembea.

Huyo alikuwa kaa wa jamii iitwayo kaa-buibui. Miguu yake ni mirefu na myembamba, na gamba lake si pana kama la kaa matope. Ni refu kuliko upana wake, mfano wa parachichi, upande mwembamba ukiwa mbele. Mgongoni na miguuni ana vinyweleo vilivyopinda kama ndoana. Hukata kipande cha mwani kwa magando yake, hukipeleka kinywani na kukitafuna ncha, kisha hukipachika katika zile ndoana, kipande baada ya kipande, mpaka samaki apitaye haoni kaa bali aona majani. Penye mwani huvaa mwani, na penye sifongo ya bahari huvaa sifongo. Neno buibui kwetu ni la mdudu na pia ni la vazi la kujisitiri. Basi jina hili limempata kaa huyu mara mbili.

Hapo mwalimu alianza somo lake, nasi tutalifuata kwa kiasi, maana ndilo lililozaa ubishi.

Mwaka 1758 Linnaeus, Mswidi aliyejitwika kazi ya kuviorodhesha viumbe vyote vilivyojulikana, aliwatia karibu kaa wote katika jenasi moja, Cancer. Humo aliwatia hata kamba na wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Jenasi twaweza kuieleza kuwa kama ukoo: aina mbalimbali zinazohesabiwa kuwa na asili moja ya karibu. Jumba la Linnaeus lilikuwa pana mno. Mwaka 1801 Mfaransa Lamarck aliwatoa humo baadhi ya kaa-buibui akawapa jenasi yao, Maja, na tangu hapo mlango haukufungwa tena. Leo zimehesabiwa aina zaidi ya 800 za kaa-buibui, na jenasi zake ni nyingi.

Je, wanawatenganishaje? Hili ndilo jambo lenyewe. Kwanza hawatazami vazi. Kaa wawili waliovaa mwani ule ule, wakikaa juu ya jiwe moja, waweza kuwa wa jenasi mbili zilizo mbali. Na ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuvaa, huyu mwani, huyu sifongo. Mwalimu alimshika yule mgeni wetu kwa vidole viwili akampiga mswaki taratibu. Majani yakatoka, na mbele ya kichwa ikaonekana pembe moja. Ndiyo alama ya Menaethius, naye yumo sana katika mwani wa pwani yetu. Hyastenus ana pembe mbili ndefu zinazoachana. Schizophrys anazo mbili, fupi na nene, na kila moja ina mwiba pembeni. Micippa pembe yake imeinamia chini, utadhani anaficha uso kwa aibu. Tena hutazama tundu la jicho: yuko mwenye tundu la kuufichia mboni, lililozungukwa na miiba, na yuko kama Camposcia, ambaye macho yake yamesimama juu ya vikonyo wala hayana tundu kamili la kujificha. Haya yote mwalimu aliyachora mchangani, na maji yalipojaa yaliyafuta.

Binti mmoja wa Kisarawe alikuwa ameokota chini ya jiwe kaa mdogo bapa, mwenye magando makubwa kuliko mwili. Kila mtu alimwona kuwa kaa, na ukimtazama usingesita. Lakini binti huyu ana tabia ya kuhesabu kila kitu. Akahesabu miguu, akapata jozi tatu tu nyuma ya magando, hali wengine wote katika beseni walikuwa na jozi nne. Alidhani amekosea, akahesabu tena. Mwalimu akafurahi kuliko tulivyopata kumwona akifurahi. Akaeleza kwamba jozi ya nne ipo, ni ndogo mno, nayo imekunjwa nyuma. Kiumbe huyu kwa asili si ndugu wa kaa-buibui wala wa kaa matope; yu karibu zaidi na wale wakaao ndani ya makombe ya konokono. Amefanana na kaa kwa umbo tu.

Kisha akawasimulia habari ya Huenia, nasi twaomba msomaji aishike hii kuliko zote. Mholanzi De Haan aliandika habari za kaa wa Japani. Mwaka 1837 alipewa kaa mwembamba, mrefu, akamwita elongata; na mwingine mpana, mwenye mapindo ubavuni kama majani, mfano wa ngao za wakuu wa Ulaya, akamwita heraldica. Akaandika aina mbili. Kumbe walikuwa mume na mke! Kaa hao, dume na jike wametofautiana umbo kiasi hicho. De Haan aligundua kosa lake, na mwaka 1839 akawaweka pamoja chini ya jina moja. Jina alilowapa safari hiyo nalo halikudumu, kwa sababu ya kanuni za mambo hayo. Linalotumika leo ni heraldica, lile la mke. Akina mama ndani ya basi walipiga vigelegele waliposimuliwa hayo.

Ndipo ubishi ulipozuka. Kijana mmoja wa Kibaha alisema, “Kazi hii yote ni ya bure, tena ina hatari. Mungu ameumba kaa. Sisi tunawagawa kwa pembe na kwa macho, na kesho tutagawana sisi wenyewe kwa pembe na kwa macho.” Wengi wakamwunga mkono. Mwingine akajibu kwamba asemaye samaki ni samaki tu na ale bunju, tuone kama atafika ibada ya jioni. Na kwamba wako kaa wa miambani ambao sumu yao haitoki hata ukiwachemsha, kwa hiyo anayewatambua na kuwatenga anawaokoa watoto wa jirani. Walibishana hivyo mpaka Maili Moja.

Sisi tuliokuwa viti vya mbele tulinyamaza. Tulinyamaza kwa sababu tulikuwa na daftari letu wenyewe.

Wengi mnalijua. Mwaka ule mvua zilipokosa, mtaa wetu ulipata magunia 12 ya mahindi, na kaya zilizokuwa zikiomba zilizidi 40. Halmashauri iliteua watatu, nasi tukiwa miongoni mwao, wapite nyumba kwa nyumba na kuandika: hawa ni wenye dhiki, hawa wana nafuu. Tulifanya kazi ile kwa bidii na, tuliona wakati ule, kwa haki. Tulitazama paa: makuti au bati. Tulitazama ua, tukatazama mavazi ya watoto. Katika siku tatu tulimaliza, tukapiga mstari chini ya orodha, na muhuri ukagongwa.

Mama mmoja mjane, ambaye jina lake hatulitaji kwa kuwa mnamheshimu kama tunavyomheshimu sisi, tulimwandika katika wenye nafuu. Nyumba yake ni ya bati. Jumapili huketi benchi la mbele, kanga yake imefuliwa na kunyoshwa vizuri. Hatukukaa kwake hata dakika tano. Juma la tatu akaugua, akina mama wa Umoja wakaenda kumwona, wakakuta mafiga ya baridi, na majivu yaliyokwisha kuwa magumu. Bati liliezekwa na marehemu mumewe, miaka mingi iliyopita. Kanga ilikuwa ile ile moja, akiifua usiku na kuivaa asubuhi. Walipomwuliza kwa nini hakusema neno, akajibu, “Walikuja na daftari, wakatazama juu. Hawakuniuliza.”

Na upande wa pili alikuwako mzee mmoja, tuliyemkuta akitoka shambani na suruali yenye viraka vitatu, tukamwandika wa kwanza katika wenye dhiki. Ana mikorosho mingi na watoto wawili wenye mishahara. Hakutudanganya, tusimsingizie, naye hakuulizwa. Alipewa gunia akalipokea, kama yeyote kati yetu angalivyolipokea.

Lililo baya zaidi halijasemwa bado. Habari ya mama yule ilipoletwa kwetu, hatukumwandika siku hiyo. Tulisema orodha imefungwa, muhuri umegongwa, tukimfungulia mmoja wote watadai kufunguliwa. Tulisema hivyo kwa majuma mawili. Akina mama walimlisha kwa vyungu vyao wenyewe, nasi tulikuwa tunalinda mstari tulioupiga kwa rula.

Basi yule kijana wa Kibaha alikuwa na haki? Tuliovunjika moyo katika Halmashauri tulitaka kusema ndiyo. Mmoja wetu alishauri daftari lichanwe, mahindi yagawiwe sawa kwa kila kaya, wenye mikorosho na wasio na mkorosho. Lakini kikombe kimoja kwa kila mtu si haki. Ni kukataa kutazama. Tena asiyetaka kutenganisha huacha wenye mabavu wafike kwanza. Kitabu cha Matendo, sura ya 6, kinasimulia kwamba katika Kanisa la kwanza kabisa wajane waliosema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuifuta ile huduma wala hawakusema wajane wote ni wamoja. Waliweka watu saba wengine wa kuisimamia, na majina ya wale saba ni ya Kiyunani. Jambo hilo tumelisoma miaka yote bila kulitilia maanani. Na katika Mwanzo Adamu aliwapa wanyama majina kabla ya dhambi kuingia. Kwa hiyo kutenganisha ni kazi tuliyopewa bustanini. Hatukuiokota nje ya lango.

Tunadhani kosa letu lilikuwa mahali pawili, na kwa yote mawili yule mwalimu na mswaki wake ametuaibisha.

La kwanza, tulisoma vazi. Paa, kiraka, kanga: hivyo vyote vimepachikwa juu ya mtu, na vyaweza kupachikwa na mume aliyekwisha kufa. Tuliona jani tukaandika mboga.

La pili ni zito zaidi. De Haan alikosa kuliko sisi, alitenga mume na mke. Lakini alipoona, alifungua kitabu chake akaandika upya, hali kitabu kimekwisha kuchapwa na kusomwa na wenzake. Sisi tulikuwa na daftari la kurasa 48. Majirani zetu wa Rwanda walipewa na Wabelgiji, katika miaka ya 1930, kadi zilizoandikwa kabila la kila mtu, na mtoto alirithi neno la baba yake. Neno lile halikufutika. Mwaka 1994 vizuizini watu waliulizwa kadi, na neno lililoandikwa humo liliamua nani avuke na nani asivuke. Hatusemi daftari letu ni sawa na kadi zile, la hasha. Twasema tu kwamba tulipokuwa tukilinda ule mstari, tuliipenda orodha yetu kuliko mtu aliyeandikwa ndani yake, na mapenzi ya namna hiyo huanza hivyo hivyo, kwa watu wema wenye rula.

Lakini hapo mashaka hayakwisha, na Halmashauri iliketi mpaka giza. Maana mwalimu wa baiolojia hana budi kutumia mswaki. Kaa hawezi kumwambia tundu la jicho lake likoje. Lazima amvue majani ndipo amwone. Sisi je? Mtu hafai kupigwa mswaki. Kanga ile iliyofuliwa haikuwa hila. Ilikuwa sitara, na mjane ana haki ya sitara yake kama mwenye mali alivyo na haki ya milango yake. Tukimtaka kila mwenye dhiki aoneshe mafiga yake ya baridi mbele ya kamati kabla hatujampa debe la mahindi, tumemlisha na kumvua nguo kwa wakati mmoja. Wako watakaochagua njaa. Huyu alichagua.

Wengine walisema jibu ni rahisi: mtu ana kinywa, aulizwe. Ni kweli kwamba hapo ndipo mtu anapoachana na kaa wote wa baharini, nasi tulimfanya mama yule kama asiye na kinywa. Lakini kuuliza nako kuna namna zake. Ukiulizwa na wanaume watatu wamesimama uani, mmoja ameshika kalamu, waweza kujibu “twashukuru, hatujambo” huku tumbo halina kitu. Hata sisi tungejibu hivyo. Akina mama wa Umoja hawakuuliza chochote. Walikwenda kumwuguza, wakaketi, na walipotafuta maji ya moto wakaona. Huenda kujua hali ya mtu kwahitaji kwanza kuketi kwake kwa sababu nyingine. Kwa hali hiyo kamati yoyote imechelewa tangu siku inapoteuliwa. Hili hatukuweza kulimaliza, na tumeliacha wazi katika kumbukumbu za kikao.

Vijana wametusimulia jambo moja walilolifanya kule Kaole. Baada ya kumpiga mswaki yule kaa mwenye pembe moja, mwalimu hakumrudisha baharini palepale. Alisema kumtupa hivyo, mtupu, ni kumtupia samaki. Akang’oa mwani kidogo akautia katika beseni, akawaambia wangoje. Walingoja muda mrefu, na jua lilikuwa kali. Kaa alikaa tuli pembeni. Kisha akanyosha gando, akakata kipande, akakipeleka kinywani, akakipachika begani. Wakamwacha mpaka alipovaa vya kutosha, ndipo wakambeba na beseni lenyewe hadi majini.

Halmashauri imeamua kuandaa orodha mpya kabla ya mvua zijazo. Kamati sasa ni ya watu watano, na watatu kati yao ni akina mama. Tulimwendea mama yule mjane, bila daftari, tukaketi, tukanywa chai aliyotupikia na kuomba radhi. Kisha tukamsihi naye awe mmoja wa watano. Alikaa kimya kidogo, akasema atakubali kwa sharti moja. Tulidhani atasema juu ya mahindi. Akasema mara hii tuandike kwa penseli.